Mtaa Uliojitoa

4 Februari

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa shemeji yako goti linamsumbua. Siku nzima anachuchumaa kwenye baiskeli za watu, halafu jioni ananiomba nimkande kana kwamba goti nimeliharibu mimi. Cherehani yangu ndogo imekufa. Nimebaki na ile ya mama, ya kukanyaga, na sasa nashona magauni kumi na mawili ya wasindikizaji wa bibi harusi, rangi ya ndimu. Nyumba nzima imekuwa ndimu. Wifi yangu hajambo? Na wanangu? Waambie shangazi yao anawauliza.

Usishangae kuona barua. Nikikupigia simu, kila nikikaribia jambo la maana mtandao wako unakatika. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne nilikwenda kununua uzi, nikalikuta gari la taka la halmashauri limesimama barabara ya pili kutoka kwetu. Unajua kwetu halijapinda huu mwaka wa tatu. Taka tunazitupa nyuma ya kinu cha kusaga, ukingoni mwa mtaro, na lile jaa sasa limekaribia kulingana na kinu chenyewe. Tumezoea. Watu walishasema gari ni bovu, mara mafuta hakuna. Lakini siku ile nililiona kwa macho yangu, zima, linanguruma, na lilipomaliza kupakia likageuza kurudi mjini. Nikamsimamisha dereva.

“Samahani, mbona kwetu hupindi?”

Hakukasirika. Alichomoa karatasi juu ya kioo akanionyesha orodha ya mitaa. “Mama, mtaa wenu haumo.”

“Haumo kwa sababu gani?”

“Nilivyoambiwa mimi, mlijitoa wenyewe.”

Nimelala na neno hilo wiki nzima. Sina hasira, wala sitafuti ugomvi na mtu. Nataka kujua tu. Mtaa unajitoaje? Unanyoosha mkono? Nimekaa hapa tangu nizaliwe na siikumbuki siku niliyojitoa. Wewe ulikuwa karani wa vikao pale halmashauri miaka minane kabla hawajakuhamisha. Niambie: mtu akitaka kujua nani aliamua, anaanzia mlango gani?

Dada yako


27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, imekunjwa vizuri kama suruali uliyoipiga pasi. Wifi yako anakusalimu. Mwaka huu amepewa darasa la kwanza, watoto sabini na wawili, na sauti imemwishia. Tukiwa nyumbani anaongea kwa mikono. Mkubwa anakuja juu, viatu havidumu. Mdogo ameng’oka meno mawili ya mbele na anakataa kupigwa picha.

Kuhusu swali lako, utaratibu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Diwani ndiye msemaji wenu. Kila idara ya halmashauri ina mkuu wake, na mkuu wa idara ya usafi ndiye mwenye ratiba ya gari. Juu yao wote liko baraza la madiwani, linalokaa kila baada ya miezi mitatu. Mlango wake uko wazi kwa mwananchi yeyote kukaa nyuma na kusikiliza. Ukiwa na swali, unaliandika na kulipeleka kwa katibu siku saba kabla ya kikao, nao wanawajibika kukujibu mbele ya watu. Wengi hawajui hilo kwa sababu hawajawahi kuuliza.

Lakini ushauri wangu ni huu: usirudi nyuma. Andika maombi mapya kwamba mtaa urudishwe kwenye ratiba, kusanya sahihi, peleka. Nani aliamua na lini, hayo hayatawaletea gari. Mafaili ya zamani yana vumbi tu, na wewe una kifua.

Msalimie shemeji. Mwambie goti alipake mafuta ya moto.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Harusi ya ndimu imesogezwa mbele, bwana harusi hajamaliza kujenga. Magauni yamening’inia sebuleni na shemeji yako anasema yanamtazama akila.

Nimekusikia kuhusu maombi mapya, na nitayaandika. Lakini ulivyonieleza mambo ya baraza ulinitia hamu badala ya kunipoza. Nilianza na diwani. Ofisini kwake hayupo, nyumbani hayupo. Nikamkuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

“Mama, mimi nimechaguliwa juzijuzi tu,” akasema. “Hayo nimeyakuta.”

“Sikulaumu. Nauliza kama unajua.”

Kinyozi akazima mashine ili asikie. “Kusema kweli sijui,” diwani akasema. “Sijawahi kuuliza.”

Nikampenda kwa hilo. Akanielekeza kwa mkuu wa idara ya usafi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Huyo alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za mvua, akaniambia ratiba inatokana na kumbukumbu, na kumbukumbu ziko masijala. Nikatoka pale nimeshukuru, nikafika barabarani ndipo nikagundua hajanijibu kitu.

Kisha baraza likakaa, nikaenda. Mlinzi akaniuliza, “Umeitwa na nani?” Nikamwambia sijaitwa na mtu, ila mlangoni pameandikwa wananchi wanakaribishwa. Akageuka kuusoma mlango wake mwenyewe. Nilikaa benchi la nyuma nikishona vifungo. Nikajifunza mengi. Habari ya maji ya upande wa juu ilichukua dakika tatu. Habari ya viti vya ukumbi, kama viwe vya magurudumu au vya kawaida, ilichukua karibu saa nzima, na watu wazima walinyoosheana vidole. Lakini pia nilimwona mzee mmoja akisimama na karatasi yake, akauliza kwa nini daraja la kwao lina upande mmoja tu wa kushikilia, na mhandisi akalazimika kusimama na kumjibu, jasho linamtoka. Sikujua hilo linawezekana. Nina miaka hamsini na tatu.

Masijala nilimkuta binti mmoja mpole sana. Amenieleza kwamba mtaa hauwezi kuondolewa kwenye ratiba mpaka wakazi wenyewe wakae mkutano na kukubali, na muhtasari wa mkutano huo pamoja na majina ya waliohudhuria lazima viwemo kwenye faili. Faili letu ameahidi kulitafuta. Yako mengi na chumba ni kimoja.

Kwa hiyo ulikuwepo mkutano. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika mihtasari wakati huo. Unaukumbuka? Labda siku hiyo nilikuwa nimesafiri.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenielemea. Meno ya mdogo yameanza kuota, yamepinda kama ya babu. Wifi yako sauti imerudi, na sasa tunaikumbuka ile mikono.

Kuhusu huo mkutano, mihtasari niliyoandika kwa miaka minane ni mingi, siwezi kuikumbuka mmoja mmoja. Ulipofika panatosha. Wale watu wa idara si wabaya, ila wakichokozwa wanaweza kuwafanya msubiri miaka mingine mitatu. Andika maombi mapya kama nilivyokwambia.

Wifi yako anasema nisikufiche habari njema: nimependekezwa kuwa katibu wa vikao hapa. Usaili ni tarehe 19 Agosti. Tuombee.

Mvua vipi huko?

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Goti la shemeji yako limepoa. Hongera kwa hicho cheo kinachokuja.

Nina swali moja tu, wala halihusu taka. Nikumbushe mama alifariki tarehe ngapi. Mwaka naujua.

Dada yako


14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Huku kumeanza baridi ya asubuhi, tunavaa masweta mpaka saa nne. Tumebadilisha bati mbili za jikoni zilizokuwa zinavuja. Mkubwa amekuwa wa sita darasani; anasema waliomtangulia ni wale wanaokaa mbele karibu na ubao, nikamwambia basi na yeye ahamie mbele. Wifi yako anataka umshonee gauni la kuvaa siku ya usaili wangu, utadhani ni yeye anayesailiwa. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya pili. Kiuno usikibane, anasema, ingawa mimi naona alichopima ni kiuno cha zamani.

Ofisini wamenipa meza ya dirishani. Dirisha linatazama ukuta, lakini ni dirisha.

Msalimie shemeji na majirani wote. Muda wa posta umekaribia.

Mdogo wako


25 Juni

Mdogo wangu,

Umeniandikia kurasa mbili na vipimo vya kiuno. Kuhusu mama hakuna hata mstari mmoja.

Basi nakukumbusha mimi. Alifariki tarehe 11 Aprili. Tulimzika kesho yake saa kumi jioni, na wewe ulikuwa umeshika jeneza mbele, upande wa kushoto.

Mkutano wa wakazi, kwa karatasi niliyoisoma masijala siku mbili kabla sijakuandikia ile barua fupi, ulifanyika tarehe 20 Juni mwaka huohuo, katika uwanja wa shule ya msingi. Walihudhuria watu arobaini. Wote kwa kauli moja wakakubali mtaa utolewe kwenye ratiba, kwa kuwa “wana utaratibu wao wenyewe wa kuondoa taka.” Namba moja kwenye mahudhurio ni mama. Namba mbili ni mimi. Wa tatu ni shemeji yako, kisha Mama Pacha wa nyumba ya pili, kisha mwenye kinu, na kuendelea mpaka mwisho wa barabara, mlango kwa mlango.

Na mwandiko naujua. Hiyo herufi ya K unayoinyanyua mguu kama kuku aliyesimama kwenye maji, niliifundisha mimi, vibaya, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na walimu wako wote wakashindwa kuirekebisha. Binti wa masijala aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni vumbi.

Sasa nikwambie niliyokuficha mimi. Uliniuliza mvua vipi. Mvua za mwezi wa nne ziliteremsha lile jaa lote likaziba mtaro. Maji yakaingia nyumba kumi na moja. Kwetu yalifika kwenye kikanyagio cha cherehani, na magauni ya ndimu niliyaokoa kwa kuyatupia juu ya kabati. Maji yalipoondoka watu wakaanza kuharisha. Mtoto wa Mama Pacha, yule mwembamba aliyezaliwa baada ya pacha, alilazwa siku tisa akitundikiwa dripu. Amepona, lakini bado anatembea akishika ukuta. Sikukuandikia kwa sababu nilisema moyoni, yuko mbali, hana kosa, ya nini kumhuzunisha.

Swali langu kwa baraza nimeshalipeleka. Kikao ni tarehe 28 Agosti. Nimeuliza mkutano ule uliitishwa na nani, na watu waliketi wapi. Jina lako halimo. Lakini wakiniuliza mwandiko ni wa nani, sitasema sijui.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani za kutanguliza.

Ni mimi. Nimekaa na barua yako siku nne nikitafuta namna ya kuandika hivyo, na sijapata nyingine.

Wakati ule magari ya taka yalikuwa matatu, mawili yakafa mwezi mmoja. Mkuu wa idara akaambiwa apunguze mitaa sita. Sheria ikamtaka awe na muhtasari wa kila mtaa. Akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanikaribisha kiti kama alivyokukaribisha wewe.

“Andika kwamba walikaa wakakubali,” akasema.

“Mkuu, hawajakaa.”

“Wangekaa wangekubali. Hao watu unawajua, hawana neno. Ni kwa miezi michache tu, gari likitengenezwa tunawarudisha.”

Mitaa mitano alikuwa ameshampa karani mwingine. Wa sita akaniambia nichague mwenyewe. Nilichagua wetu, na sababu yake hujaiuliza lakini nitakwambia. Nilihitaji majina arobaini. Hapakuwa na mtaa mwingine duniani ambao ningeweza kuandika majina ya watu wake arobaini kwa kichwa. Niliandika kama mtu anayetembea barabarani akisalimia. Mama nilimwandika kwa mazoea, nyumba yetu ndiyo ya mwanzo. Nilipofika namba sita nikashtuka, nikarudi kulitazama jina lake. Ilikuwa kalamu ya wino. Kufuta kungechafua karatasi. Nikaendelea.

Miezi mitatu baadaye nikahamishiwa huku na kupandishwa daraja. Hakuna aliyeniambia ni kwa ajili ya hilo, na mimi sikuuliza.

Kuhusu mtoto wa Mama Pacha sijui niandike nini.

Dada, nakuomba uliondoe swali. Andika maombi mapya, nami nitazungumza na mtu ninayemjua pale, gari litaanza kupita kabla ya mwezi kuisha. Nakuhakikishia. Usaili ni tarehe 19 Agosti. Watoto wako shuleni, nyumba ni ya kupanga. Hilo tu.

Mdogo wako


22 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Shemeji yako nimempa asome. Aliisoma mpaka chai ikapoa, kisha akasema, “Angalau kaandika mwenyewe.” Akarudi kwenye baiskeli.

Swali siliondoi. Nikueleze kwa nini, maana sitaki udhani ni kisirani. Gari likirudi kwa sababu umezungumza na mtu, siku moja litaondoka kwa sababu mwingine kazungumza na mtu. Na sisi tutabaki palepale, tukisema mafuta hakuna.

Halafu uliandika neno ambalo limenikosesha utulivu: mitaa sita. Kwa hiyo juzi nilifunga kazi mapema nikaenda mtaa mmoja wa ng’ambo ya soko, ambako gari nako halifiki. Nikamuuliza fundi viatu pale kona kama anakumbuka mkutano wa taka. Akacheka. Nikarudi masijala, binti akanifunulia faili la kwao. Na la mtaa mwingine. Mpaka yakatimia sita. Yote yanasema wakazi “wana utaratibu wao wenyewe wa kuondoa taka,” neno kwa neno. Mitaa sita, sentensi moja. Niliona kama nimekuta watu sita wamevaa shati lililokatwa kwa kitambaa kimoja; fundi yeyote angejua aliyekata ni mmoja, hata kama waliowashonea ni wawili.

Ulipokuwa mdogo nilikulazimisha kula, kuoga na kwenda shule. Hili sikulazimishi. Sikuombi uandike chochote wala usiandike. Mimi nitauliza swali langu nirudi nyumbani.

Gauni la wifi yangu liko tayari. Kiuno sikukibana.

Dada yako


6 Septemba

Mdogo wangu,

Nilingoja barua yako Agosti yote. Nilijua huandiki kwa sababu umekasirika, nikasema basi. Sasa nikusimulie kilichotokea, ingawa sehemu moja unaijua kuliko mimi.

Ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimewaambia majirani, nao wakawaambia watu wa mitaa ile mingine, na fundi viatu alikuja na aproni yake. Swali langu lilikuwa la saba. Mkuu wa idara alisimama na sauti yake ya upole akasoma jibu: mkutano ulifanyika kwa kufuata taratibu, wakazi walishirikishwa kikamilifu. Mwenyekiti wa baraza akaniuliza kama nimeridhika, au nina la nyongeza.

Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele.

“Nataka kujua kama mimi nilikuwepo,” nikasema.

Mkuu akatazama karatasi. “Ulikuwepo, mama. Wewe ni namba mbili.”

“Na namba moja aliketi wapi?”

“Siwezi kukumbuka kila mtu aliketi wapi.”

“Namba moja ni mama yangu,” nikasema. “Siku hiyo alikuwa na wiki kumi kaburini.”

Mwenyekiti akamgeukia mkuu, mkuu akaanza kufungua faili lake ukurasa baada ya ukurasa. Hapo ndipo katibu wa baraza aliponyanyuka na kusema kwamba iko barua, imefika kwa rejesta, kutoka kwa aliyekuwa karani wa vikao, na kwamba mwandishi ameomba isomwe mbele ya wananchi.

Aliisoma yote. Nilisikia habari za kalamu ya wino kwa mara ya pili, safari hii kwa sauti ya mtu mwingine, mbele ya watu mia mbili. Mwisho akasoma tarehe. 12 Agosti. Wiki moja nzima kabla ya usaili wako. Nilikaa chini. Mwanamke wa pembeni yangu, simjui, akanishika mkono mpaka kikao kikaisha.

Wameamua hivi. Mitaa yote sita irudishwe mara moja, mpaka kila mmoja ukae mkutano wake wa kweli. Ratiba ibandikwe ubaoni, na mtaa ukiondolewa sababu iandikwe hapohapo. Mkuu wa idara ajieleze kwa maandishi ndani ya siku thelathini, na ofisi isimamiwe na mtu mwingine wakati huo. Diwani wetu alisimama akasema yeye angepaswa kuuliza mapema. Nywele zake siku hiyo zilikuwa zimenyolewa pande zote.

Jumanne gari likaja. Watu walitoka nje kulitazama kama msafara. Lakini usidhani mambo yamenyooka. Gari ni lilelile moja, na mitaa imeongezeka, kwa hiyo kwetu litapita wiki moja ndiyo, moja siyo. Jumamosi tulikaa kujadili hilo, uwanja wa shule, tukabishana kwa saa tatu. Mwenye kinu alitaka jaa lihamishwe kesho, wengine wakataka mtaro uzibuliwe kwanza. Ilikuwa fujo tupu, na niliipenda. Wamenichagua niwe katibu. Nikawaambia sijui kuandika muhtasari, wakasema nitajifunza.

Kuna jambo la mwisho. Mama Pacha tangu siku ya baraza hanisalimii. Anapita na mwanawe mkononi, anatazama mbele. Wako na wengine. Mwenye kinu anasema wewe ni mwanaume kwa kusema kweli. Mkewe anasema ukweli wa miaka mitatu baadaye haukaushi nyumba. Mimi wote nawasikiliza.

Usaili ulikwendaje?

Dada yako


2 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi yako amelipokea gauni, limemkaa. Alilivaa kanisani, maana siku ya usaili halikuwa na kazi. Nilipofika kwenye chumba cha usaili niliwaeleza kabla hawajaniuliza, na nakala ya barua nikaweka mezani. Walinishukuru, wakaniambia nisubiri nje. Mpaka leo nasubiri, kwa namna ya kusema. Nimeondolewa kwenye vikao. Kamati ya nidhamu imenikalia mara mbili. Kazi hawajanifukuza, wamenishusha daraja na kunipeleka masijala. Siku nzima natafutia watu mafaili. Wanakuja kama ulivyokuja wewe, hawajui waanzie wapi, nami nawaonyesha.

Wifi yako hakuongea nami siku tatu, na safari hii hata mikono hakutumia. Siku ya nne akaniuliza kwa nini sikumwambia miaka yote hiyo. Nilimwambia nilikuwa nimeshasahau. Akasema, “Hukusahau. Ulikuwa huendi kwenu.” Ni kweli. Tangu nihamishwe sijalala mtaa ule hata siku moja, na nyote mlidhani ni kazi.

Barua ile ya tarehe 12 sikuiandika kwa ushujaa, usije ukawaambia watu hivyo. Niliandika nyingine tatu za kukuomba tena, nikazichana. Kila nilipofika kwenye maneno ya mkuu, “hawana neno,” nilimwona huyo mtoto anayetembea kwa kushika ukuta, ambaye simjui hata sura. Alizaliwa nikiwa nimeshaondoka.

Kuhusu muhtasari: tarehe na mahali juu. Halafu usiandike majina wewe. Zungusha karatasi, kila mtu ajiandike mwenyewe, asiyejua kuandika aweke dole gumba na mwenzake ashuhudie. Itachukua muda, watanung’unika. Waache wanung’unike. Waliopinga waandike kwamba walipinga.

Nimeomba likizo ya siku nne. Nitafika tarehe 18 kwa basi la asubuhi. Majirani usiwaambie nakuja kusema nini, nataka wasikie kwangu. Orodha ile bado ninayo kichwani, wote, na nitaipita yote. Kwa mama nitakwenda kwanza, peke yangu, kisha nitaanza na Mama Pacha. Najua huenda asinifungulie, na si yeye peke yake.

Nitabisha hivyohivyo.

Mdogo wako